Sili ya krenki inavuja: dawa ya chupa au sili mpya?

Sili ya krenki ni pete ya mpira inayozuia oili isivuje pale krenki, yaani shafti kuu ya injini, inapotokeza mbele na nyuma. Dawa ya kuzuia kuvuja humwagwa kwenye oili, ikalainisha na kuvimbisha kidogo mpira wa sili uliokauka. Kwa matone machache inaweza kusaidia kwa muda. Mpira uliochanika, au krenki iliyochimbika mfereji pale mdomo wa sili unapogusa, dawa haiwezi kuvitibu.

Mimi ningeweka sili mpya, ingawa ya nyuma hudai gia boksi ishushwe na flaiwili (gurudumu zito lililofungwa nyuma ya krenki) ifunguliwe. Ya mbele ni nafuu zaidi. Lakini kagua kwanza njia ya kupumulia ya injini: ikiziba, presha ya ndani itasukuma oili nje hata kupitia sili mpya! Ukikuta mfereji kwenye krenki, ivishe bushi nyembamba ya kurekebishia kabla ya kufunga sili.