Darubini ya 20-60x80 niliyonunua Mtwara, msije mkaingia mkenge kama mimi

Wakuu, mi kazi yangu kusoma nyayo kwenye kambi ya uwindaji huku Liwale, bunduki sibebi, nalipwa kwa macho. Hela ya ufuta ilivyoingia nikasema na mimi nijinunulie darubini ya stendi niache kuazimaazima za wageni, nikateremka hadi Mtwara mjini, duka silitaji, jamaa ananiambia kaka hii inaona kilomita kumi. Kilomita kumi! Mwezi uko mbali kuliko hapo na tunauona kwa macho makavu. Nikalipa laki tatu na nusu hivyohivyo, tamaa tu.

Iko hivi, 20-60 ni zumu, 80 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Gawa 80 kwa zumu upate upana wa mwanga unaofika jichoni, kwenye 20 ni milimita 4, kwenye 60 imebaki 1.3 tu, ndo maana asubuhi na mapema ukizumu yote kunakuwa giza kama jikoni la kuni. Siku ya kwanza nimempata pofu dume chini ya mninga, kama mita mia nne, kwenye 20 safi kabisa naona hadi pembe zilivyojisokota, napandisha 40 pembe zinaota ukingo wa zambarau, nafika 60 sijui ni pofu au gunia la mkaa. Mgeni akanipa Swarovski yake ya 20-60x65, lenzi ndogo kuliko yangu hiyo, aisee kwenye 60 naona ndege wanavyomdonoa kupe mgongoni. Kumbe kioo chenyewe ndo kila kitu.

Ila ikipiga saa nne zote zinakuwa sawa, ya bei na ya laki tatu, mazigazi yanachemka juu ya majani na ukizumu unakuza mchemko tu, rudi 20 au 25 ukae kwa kutulia. Na stendi waliyonipa na darubini ni uchafu, mtu akipiga chafya picha inatetemeka, sasa hivi naning'iniza kiroba cha mchanga katikati ya miguu ndo inatulia.

Za bunduki nazo nimeona vituko. Mgeni kaja na skopu ya 5-25x56 kama anaenda kupiga jangwani, huku kwetu ni miombo, nyati unamkuta mita sitini kwenye kichaka, kwenye 5 anaona manyoya meusi tu hajui bega liko wapi! PH wetu, yaani mwindaji bingwa anayeongoza wageni, ana 1-6x24 na hana presha. Tena ile ya mgeni alama za ndani ni za mili, vitufe vya kuzungusha ni vya MOA, vipimo viwili tofauti vya pembe, tukajaribu kambini kwa mita mia, risasi imeshuka sentimita 9, kioo kinamwambia mili 0.9, akazungusha klik tisa akidhani kila moja ni sentimita, kumbe zake ni robo MOA, kama milimita 7, ikabaki chini sentimita mbili na nusu na lawama anaitupia bunduki. Kabla hujalipa kagua vyote viwe lugha moja.

Mi yangu nampa nyota mbili, ya pili ni ya watoto, jioni wanaielekeza kwenye mwezi wanagombania kuhesabu mashimo.