Uzoefu wangu: ukaguzi wa bolti kabla ya kubadili kaliba ya bunduki

Bunduki yangu ya kuwindia ilikuwa ya kaliba (yaani aina ya risasi) ya .243 Winchester, na mtutu wake ulikuwa umelika kiasi cha kutawanya risasi ovyo kwenye shabaha. Kwa kuwa mtutu mpya ulikuwa hauepukiki, nikaona heri nihamie .300 Winchester Magnum moja kwa moja. Fundi wa kwanza hata bolti, kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, hakuichomoa. Alinitajia bei na kunihakikishia kwamba mtutu ni mtutu tu. Kauli hiyo ilinitia shaka, nikalipia ukaguzi kwa fundi mwingine, na huduma ya huyu wa pili ndiyo ninayoieleza.

Alihakikisha kwanza kuwa chemba, sehemu ya mtutu inamokaa risasi, ni tupu, akachomoa bolti, kisha akanipa ganda tupu la .300 nilipachike mwenyewe kwenye uso wa bolti. Lilikataa, likabaki juu ya ukingo kama kifuniko cha sufuria nyingine. Kalipa ilionyesha kuwa kitako cha ganda kina milimita 13.5, ilhali uso wa bolti yangu umechongwa kwa kitako cha milimita 12. Nilipouliza kwa nini asiutanue, alieleza kuwa kikucha cha kutolea ganda nacho kingepaswa kubadilishwa, na hata hivyo risasi hiyo, yenye urefu wa karibu milimita 85, isingeenea katika magazini ya akisheni fupi (akisheni ni sehemu ya bunduki inayobeba bolti) iliyoundwa kwa risasi za milimita 71 hivi. Isitoshe, kitako kipana husukuma bolti kwa nguvu zaidi hata shinikizo likiwa lile lile, na mzigo huo huishia kwenye meno ya kufungia, yaani vichomozo vinavyoishikilia bolti inapofungwa.

Alinishauri nichukue .308 Winchester. Risasi ya .243, iliyotoka mwaka 1955, ni ganda la .308 lililobanwa shingo, kwa hiyo bolti na magazini vingebaki vilevile. Nilikubali, ingawa kwa shingo upande.

Kilichonivutia zaidi ni meno ya bolti. Aliyapaka wino, akaifunga na kuifungua bolti mara kadhaa, na jino moja likaonekana kugusa kwa sehemu ndogo tu. Aliyasugua hadi yakagusa sawasawa, na alifanya hivyo kabla ya kuweka mtutu mpya, kwa sababu kuyasugua baadaye huongeza nafasi kati ya bolti na kitako cha ganda. Mwishoni alipima nafasi hiyo kwa geji mbili, kikucha kikiwa kimeondolewa ili mkono uhisi vizuri: bolti ilifunga juu ya geji ya kipimo cha chini, ikagoma juu ya ile ya kipimo cha juu, yaani nafasi ilikuwa ndani ya mipaka.

Kasoro ni moja, nami siihesabu kuwa ndogo. Mtutu ulinifikia bila kuchongwa jina la kaliba mpya, ilhali risasi ya .243 huingia katika chemba ya .308 bila kizuizi. Niliurudisha siku hiyohiyo, akauchonga bila malipo.