Bawa la Mbele la Foili kwa Ziwa Victoria: Ukubwa wa Kununua Ukishavuka Hatua ya Mwanzo

Bawa la mbele la foili, kile chombo kinachofungwa chini ya ubao ili uinuke juu ya maji, nililolinunua mwezi wa Machi limeegemezwa ukutani, nyuma ya mlango wa chumba changu hapa Kisumu, na ncha yake ya kushoto imemeguka kiasi cha ukucha wa kidole gumba. Lina ukubwa wa sentimita za mraba 1,150 na urefu wa sentimita 112 kutoka ncha moja hadi nyingine. Aliyeniuzia, mwenye duka huko pwani, aliniambia, "Dada, ukishafika kiwango chako, hili ndilo bawa la kwenda nalo, hata huko ziwani litakufaa." Nilimwamini, kwa sababu nilikuwa nimejifunza Diani kwa bawa la 1,900, nilikuwa tayari ninaweza kwenda joshi (kuelekea upande upepo unakotoka), na nilikuwa nimeanza kuzoea kugeuza ubao bila kuanguka. Nililipa shilingi 74,000, nikalifunga kwa blanketi, nikasafiri nalo kwa basi la usiku hadi nyumbani.

Alasiri ya kwanza kutoka Dunga, ufuko wa hapa Kisumu, katika safari ya tatu, ubao ulisimama ghafla kana kwamba umeshikwa mkono, nami nikarushwa mbele juu ya bawa la mkono, lile la kitambaa linaloshika upepo. Nilipoigeuza foili juu chini, nilikuta mzizi wa gugu maji, mweusi wenye nyuzinyuzi kama ufagio uliolowa, umelala juu ya ukingo wa mbele, karibu kabisa na ncha ya kulia. Niliuondoa kwa vidole, nikapanda tena, na baada ya mita zisizofika 200 nikaangushwa na mzizi mwingine. Siku hiyo nilianguka mara kumi na moja, na mara tisa kati ya hizo nilikuta mzizi palepale nchani.

Miongozo mingi ya kuchagua bawa la mbele huanza na uzito wa mwili, kisha nguvu ya upepo, kisha kiwango cha ustadi. Sitarudia hayo kwa kirefu, kwa kuwa kila muuzaji anayajua na kila jedwali linayaonyesha: mtu wa kilo 65 hadi 80 huanza na bawa la 1,700 hadi 2,000, husogea kwenye 1,300 hadi 1,500 anapopata uthabiti, na hushuka hadi 1,000 au chini ya hapo anapotafuta kasi. Jambo ambalo sijaliona likiandikwa kwa ajili yetu ni namna bawa linavyoyapokea magugu. Gugu maji limo katika Ghuba ya Winam, sehemu ya ziwa inayofika Kisumu, tangu miaka ya 1990, na upepo wa alasiri unaotoka ziwani kuja nchi kavu ndio huohuo unaoyasukuma mafungu yake kuelekea Kisumu. Hii ina maana kwamba saa tunazopata upepo ndizo saa tunazopata magugu, na bawa lisiloweza kuyaachilia halifai hapa hata kama ni la bei kubwa na la jina kubwa.

Umbo la bawa hupimwa kwa namba moja, uwiano wake. Chukua urefu wa bawa kutoka ncha hadi ncha, uuzidishe kwa wenyewe, kisha ugawanye kwa ukubwa wa eneo lake. Langu, sentimita 112 mara 112 ni 12,544, nazo zikigawanywa kwa 1,150 hutoa takriban 10.9. Bawa la sentimita 97 lenye eneo la 1,475 hutoa takriban 6.4. Namba kubwa humaanisha bawa refu na jembamba, linaloteleza mbali na kwa kasi. Namba ndogo humaanisha bawa fupi na pana kiasi, linaloinuka mapema na kugeuka kwa urahisi. Hayo ndiyo wanayokueleza wauzaji, nayo ni kweli. Wasichokueleza ni kwamba bawa refu na jembamba aghalabu lina ukingo wa mbele ulionyooka karibu kama rula, ukikata maji kwa mkabala, kwa hiyo mzizi unaogonga hapo hulala na kubaki ulipo. Ukingo uliopinda kurudi nyuma huupa mzizi njia ya kuteleza hadi nchani na kuachia. Tena, bawa la sentimita 112 hufagia njia pana kuliko la sentimita 97, na mzizi ukikaa nchani huwa nusu mita na zaidi kutoka kwenye mlingoti (nguzo inayounganisha ubao na foili), kwa hiyo huvuta upande mmoja kama mtu aliyeshika mpini mrefu, na ubao hupinda kabla hujajua kinachoendelea.

Kuna jambo la pili linaloambatana na hilo, nalo ni kasi. Nguvu ya kuinua huongezeka kwa eneo la bawa na kwa mraba wa kasi, kwa hiyo mtu anayeshuka kutoka 1,800 hadi 1,500 anahitaji kasi zaidi kwa karibu asilimia 10 ili ainuke, lakini anayeruka moja kwa moja kutoka 1,800 hadi 1,200 anahitaji zaidi kwa karibu asilimia 22. Mzizi unapoipunguza kasi, bawa dogo huacha kubeba mara moja, ilhali bawa kubwa kidogo humpa mtu sekunde mbili au tatu za kushuka taratibu, kukaa juu ya maji, na kulisafisha. Mimi niliruka kutoka 1,900 hadi 1,150, na hakuna jedwali lililonionya kwamba katika maji yenye magugu pengo hilo huumiza mara mbili.

Tukumbuke pia kwamba Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa yapata asilimia 12, kwa hiyo upepo wa kilomita 25 kwa saa hapa hausukumi kama upepo wa kasi hiyohiyo kule Diani, na bawa la mkono la mita za mraba 5 la kule linataka kuwa karibu 5.7 huku. Wenzetu wanaokwenda Naivasha, ambako pia kuna gugu maji na ambako maji yako juu zaidi, karibu mita 1,900, hupoteza yapata asilimia 18. Maji yasiyo na chumvi nayo ni mepesi kuliko ya bahari kwa asilimia 2 na nusu hivi, tofauti ndogo, lakini ubao wa lita 100 hubeba pungufu kwa takriban kilo mbili na nusu. Mambo yote matatu, magugu, hewa na maji, yanaelekeza upande mmoja: mtu wa Kisumu anapaswa kununua bawa la mbele lililo kubwa kwa hatua moja kuliko lile ambalo jedwali la pwani linamwelekeza.

Sasa niyapange kwa daraja, nikizungumza na mtu wa uzito wa kilo 60 hadi 78 anayeweza kwenda joshi, kubisha (kwenda mshazari kuukabili upepo), na kugeuza ubao mara sita au saba kati ya kumi bila kuanguka.

La kwanza, bila kusita, ni MA1475 ya kampuni ya Armstrong. Nililiazima kwa rafiki kwa wiki mbili mwezi wa Juni, nikalirudisha kwa masikitiko, na sasa ninaweka akiba ili ninunue langu. Namba yake ni eneo lake, kwa hiyo hakuna kubahatisha, na umbo lake ni la wastani, si jembamba la mashindano wala si sinia la wanaoanza. Katika maji yaleyale ya Dunga, na katika alasiri ambayo vipande vya magugu vilikuwa vimetapakaa kila mahali, nilisimamishwa mara mbili tu kwa saa moja na nusu, na mara zote mbili mzizi ulikuwa umejizungusha kwenye mlingoti, mahali ambapo hakuna bawa linaloweza kukusaidia. Nilihisi mizizi mingine ikigusa, bawa likitetemeka kidogo chini ya mguu wa mbele, kisha ikaachia. Mtetemo huo ukishauzoea unakuwa onyo: unapunguza uzito wa mguu wa mbele, unaiacha foili ipande kidogo, na unapita. Kampuni hii ya New Zealand imeuteka moyo wangu, nami sitajifanya kwamba ninaipima kwa mizani moja na nyingine.

La pili ni ndugu yake mkubwa, MA1750, ambalo ningemshauri mtu wa kilo 80 na kuendelea alinunue kwanza, pamoja na yeyote anayechelewa kufika ziwani na hivyo hukuta upepo umeanza kulegea. Wengi huona haya kubaki na bawa kubwa baada ya mwaka mmoja wa kujifunza. Sioni sababu ya haya hiyo. Alama ya kweli ya kwamba bawa limekuwa kubwa mno ni pale foili inapopanda yenyewe kila upepo unapovuma kwa ghafla, na mguu wako wa mbele ukawaka moto kwa kuikandamiza. Kabla ya hapo, bawa lako halijakuwa tatizo.

La tatu ni Spitfire ya AXIS, nayo pia hutoka New Zealand, imara na nzuri kwa kugeuka, lakini hapa ni lazima uwe mwangalifu. AXIS huyapa mabawa yake namba kwa urefu wa ncha hadi ncha katika milimita, siyo kwa eneo. Kwa hiyo anayeona Spitfire 1100 na MA1225 katika tangazo moja anaweza kudhani kwamba la kwanza ni dogo, kumbe namba hizo hazizungumzii kitu kimoja. Hata miongoni mwa kampuni zinazoandika eneo, baadhi hupima kivuli cha bawa kama linavyoonekana kutoka juu, na nyingine hupima uso wenyewe pamoja na mkunjo wake, hivyo mabawa mawili ya 1,400 yanaweza kutofautiana ukiyaweka kando kwa kando.

MA1225 ningeliweka la nne, la mtu ambaye tayari ana 1,475 na anataka la pili kwa ajili ya siku za upepo mkali. Mabawa marefu membamba, yenye uwiano wa kuanzia 9, ninayaweka mwisho kwa ziwa hili, hata kama yanasifiwa na mabingwa, kwa sababu mabingwa hao wanapita juu ya maji ya bahari yasiyo na mizizi. Wenye kutafuta nafuu wanaweza kutazama Gong ya Ufaransa, inayouza moja kwa moja kupitia mtandao, au bawa lililotumika, mradi lisiwe na ufa mahali linapofungwa kwa skrubu.

Suala la nyavu sitaliruka. Wavuvi wa Dunga hutega nyavu zao mchana pia, na foili yenye mlingoti wa sentimita 75 inakwenda chini kuliko mtu aliye juu ya ubao anavyodhani. Mzee mmoja aliniita akiwa ndani ya mashua yake, akaniambia kwa upole, "Mama, hicho chuma chako kinashuka kuliko kasia langu, na wavu wangu uko palepale unapozungukia." Nilimwomba radhi, akanionyesha maboya yake, nami tangu siku hiyo humuuliza kabla ya kuingia majini. Bawa refu lililonyooka hukamata uzi wa wavu kama linavyokamata mzizi, na uzi haukatiki. Hasara ya wavu uliopasuka ni chakula cha nyumba ya mtu, kwa hiyo hii ni sababu ya kununua bawa fupi hata kwa yule asiyejali kuanguka.

Kinachonikera hadi leo ni namna tunavyouziwa. Niliomba bawa la mbele peke yake, nikaambiwa na maduka mawili kwamba wanauza seti nzima tu, pamoja na mlingoti na bawa la nyuma nilivyokuwa navyo tayari. Bei hutajwa kwa dola, na kiwango cha kubadilisha fedha kinaamuliwa na muuzaji siku ya malipo. Anayeagiza kutoka nje hulipa ushuru unaokokotolewa juu ya bei pamoja na nauli ya mzigo, kisha VAT ya asilimia 16 juu ya hayo yote, na kwa kuwa sanduku la bawa la mita moja na zaidi hutozwa nauli kwa ukubwa wake, si kwa uzito wake, bawa refu hugharimu zaidi hata kabla halijafika. Nilipompigia simu yule aliyeniuzia nikamweleza kuhusu magugu, alinijibu kwamba bawa halina kasoro na kwamba ziwa ndilo lenye kasoro. Alijua tangu mwanzo kwamba ninaishi Kisumu, kwa maana yeye mwenyewe ndiye aliyelitaja ziwa aliponishawishi.

Kwa hiyo kabla ya kutoa senti, omba vipimo vitatu kwa maandishi: eneo, na kama limepimwa kwa kivuli au kwa uso; urefu wa ncha hadi ncha; na aina ya kifungio, kwa kuwa bawa la kampuni moja kwa kawaida haliingii kwenye kiunzi (mhimili unaoshika bawa la mbele na la nyuma) cha nyingine. Omba pia picha ya bawa likiwa limelazwa sakafuni, iliyopigwa kutoka juu, kisha uweke rula juu ya picha kwenye ukingo wa mbele. Rula ikilala sawasawa na ukingo huo kutoka katikati hadi karibu na ncha, usilinunue kwa ajili ya Winam. Muuzaji akikataa kutuma picha hiyo, mwenye MA1475 wa karibu nawe huenda akakuazima lake kwa alasiri moja, na hiyo itakufaa kuliko maelezo yake yote.