Watoto wangu wawili, viwango viwili, bwawa moja: uzoefu wangu na klabu ya kuogelea hapa Dodoma

Mkubwa wangu ana miaka 12, mdogo wake ana 8. Siku ya kwanza tulipofika bwawani, binti aliruka majini sijamaliza hata kumvalisha kofia, maana alishajifunza likizo kwa shangazi yake Dar es Salaam. Kaka yake alikaa ukingoni, miguu tu ndiyo iko majini, uso ameugeuza pembeni. Mzazi anaijua sura ile. Maji alikuwa anayaogopa, ndiyo, lakini kilichomkaba zaidi ni mdogo wake kumwona hajui.

Nawaandikia wazazi wenzangu wenye watoto wa namna hiyo, mmoja yuko mbele na mwingine nyuma, na hawajui wapi watafundishwa wote wawili bila mmoja kuumizwa. Kabla ya hapa tulijaribu sehemu nyingine ambayo sitaitaja. Kule walipanga watoto kwa umri. Siku ya pili mwanangu aliambiwa akate bwawa kwa upana pamoja na wenzake wa miaka 12. Alifika katikati, akanywa maji, akang'ang'ania kamba. Hakuna aliyemcheka, lakini tangu siku hiyo kila ikifika Jumamosi asubuhi kichwa kinamuuma. Nikamtoa.

Kwenye klabu hii kocha hakuuliza umri. Aliwaita mmoja mmoja kwenye kina kifupi, maji ya kiunoni, akawapa kazi tatu: zamisha uso utoe mapovu, lala chali uelee mpaka nihesabu kumi, jisukume ukutani uteleze kisha usimame mwenyewe. Kasi ya mtoto hakuiangalia kabisa siku ile. Kutokana na hayo matatu aliwagawa makundi, na majina yake nayapenda: kundi la ukuta, kundi la kamba, kundi la kina. Hutasikia neno "wanaoanza" likitamkwa pale, wala "wadogo".

Mwanangu aliwekwa ukutani, katikati ya watoto wa miaka sita na saba. Nikasema basi, tumerudi kule kule. Kocha akampa kazi. Kwa kuwa yeye ndiye mrefu kuliko wote pale, alisimamishwa mwisho wa mstari ahesabu kama kila mtoto anatoa mapovu puani anapozamisha uso. Sasa mapovu ya mtu yanayotoka puani utayaonaje ukiwa umesimama juu? Lazima uvae miwani na wewe uingize uso majini. Akawa anainama, anaangalia, anainuka, anasema "huyu sawa", anainama tena. Baada ya wiki mbili alikuwa ameshazamisha uso mara nyingi kuliko mtoto yeyote pale, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia "zamisha uso". Kile kichwa cha Jumamosi hakijauma tena.

Binti yangu naye alinipa somo jingine. Alikuwa anafika, tena haraka, lakini ameinua kichwa kama anayetafuta mtu sokoni. Kocha alimtoa kundi la kina akamrudisha kamba kwa mwezi mzima. Binti alilia, na mimi nikamfuata kocha nikamwambia nimelipia mtoto anayejua. Ni kijana, alinipa shikamoo kwanza, kisha akanijibu taratibu: "Mama, huyu anajua kufika, kuogelea bado." Akanionyesha palepale. Kichwa kikiinuka, nyonga na miguu vinazama, mtoto anaanza kuburuta maji badala ya kuyapita. Alimfundisha kugeuza uso pembeni wakati wa kuvuta pumzi, jicho moja likibaki ndani ya maji, na pumzi itoke yote chini kabla ya kugeuka. Mwisho wa mwezi idadi ya mikono anayopiga kukata bwawa ilipungua, na hatweti tena akifika. Nilikubali kwamba mimi ndiye nilikuwa sijui ninachokitazama.

Wengi huniuliza makundi matatu yanawezekanaje kwa bwawa moja la mita 25. Kinachofanya kazi ni saa. Kila baada ya dakika mbili filimbi inalia kwa wote. Kundi la kina wanakwenda na kurudi, mita 50. Kundi la kamba wanakwenda mara moja. Kundi la ukuta wanashika kibao cha kuelea, wanapiga miguu mpaka kwenye alama na kurudi. Wanaanza pamoja, wanapumzika pamoja, na anayepumzika anamwona mwenzake wa kundi jingine naye anahema. Wa kundi la kina wanazunguka kwa mstari mmoja, wanapishana sekunde tano tano, na aliyeguswa mguu na wa nyuma yake anampisha ukutani. Hakuna mtoto anayesimama akitetemeka kusubiri zamu.

Kutetemeka hasa ndilo lalamiko langu. Dodoma mwezi wa sita na wa saba asubuhi ni baridi kweli, na upepo wetu mnaujua. Bwawa halina cha kupasha maji moto, na ratiba ilibaki saa moja asubuhi kama kawaida. Mtoto mwembamba hupoteza joto haraka kuliko mtu mzima, midomo inabadilika rangi. Tulilalamika wiki tatu ndipo wakasogeza mpaka saa nne. Wiki tatu ni nyingi mno. Jingine: kuna kipindi msaidizi aliondoka, kocha akabaki peke yake na watoto zaidi ya ishirini. Kufundisha makundi matatu unahitaji macho zaidi ya mawili, hata uwe hodari vipi. Walimleta msaidizi mwingine baada ya mwezi, ila mwezi ule nilikuwa nakaa ukingoni mwenyewe, sikai kwenye benchi.

Nalipa shilingi 80,000 kwa mtoto kwa mwezi, mara mbili kwa wiki, kiingilio cha bwawa kikiwamo. Kostumu, kofia na miwani unajinunulia. Miwani ya bei rahisi huingiza maji na mtoto anachukia somo zima, hapo usibane hela. Wenye mabinti, lowesheni nywele kwa maji safi na kuzipaka mafuta kabla ya kofia, klorini haizimalizi sana.

Ndugu zangu wengine wanasema Dodoma hatuna bahari, kuogelea kwa nini. Tuna Hombolo, tuna Mtera, na kuanzia Desemba makorongo yanajaa kwa saa moja tu. Na yale mashimo ya kuchimba mchanga na udongo wa matofali, yakishajaa maji ya mvua watoto hawajui kina chake. Mimi sababu yangu ilikuwa hiyo. Binti ana yake: mwaka 2024 aliwaona Sophia Latiff na Collins Saliboko wakiiwakilisha Tanzania kwenye kuogelea kule Paris, na sasa hashikiki.

Yeye amesharudi kundi la kina. Kaka yake yuko kamba, bado nyuma ya mdogo wake, na wanakwenda gari moja wakibishana mambo mengine kabisa. Jumamosi iliyopita alikata mita 25 bila kugusa kamba hata mara moja. Akatoka majini, akajifunga taulo, akaniuliza kama maandazi yamebaki.