Siku nne Jambiani, Unguja, kwenye nyumba ya wageni inayotumia umeme wa jua

Mama yangu ana miaka 71 na ana presha. Joto likimzidi usiku halali kabisa. Safari yetu iliyopita ya Unguja tulifikia hoteli kubwa ya ufukweni. Umeme ukakatika saa nane usiku, jenereta ikaanza kunguruma chini ya dirisha, na AC haikuwaka kwa kuwa jenereta ile ilibeba taa na jiko tu. Nilimpepea kwa kipepeo cha ukindu mpaka adhana ya alfajiri.

Kwa hiyo mwishoni mwa Februari 2024, kabla sijalipia nyumba hii ya vyumba vitano, nilimuuliza mwenye nyumba swali moja: umeme wa gridi ukikatika saa nane usiku, AC inaendeshwa na nini? Akanitumia picha ya betri zake za lithiamu, kilowati-saa 20, na paneli 24 zilizopangwa juu ya bati la stoo.

Usiku wa pili gridi ilikatika kweli. Nilijua tu kwa sababu taa za jirani zilizimika. Kwetu AC iliendelea, kimya, na mama hakugeuka hata ubavu.

Nilidhani siri ni betri. Asubuhi mwenye nyumba alinionyesha kuta: mawe ya matumbawe na chokaa, nene kama mkono wangu toka kiganja hadi kiwiko. Juu ya dari kuna makuti, madirisha yanatazamana, baraza ni pana. Chumba kama hicho AC ya inverter, yaani inayopunguza mwendo wake yenyewe badala ya kuwaka na kuzima, inakipoza kwa nusu saa, kisha inateremka hadi wati 300 au 400 usiku kucha. "Jenga boksi la saruji uliezeke bati, hata paneli 60 hazitakutosha," aliniambia. Wajenzi wa Mji Mkongwe walilijua hilo kabla ya umeme.

Paneli zenyewe amezinyanyua juu ya bati ili upepo upite chini, maana kila nyuzi moja inayozidi 25 kwenye paneli hupunguza umeme kwa karibu asilimia 0.4. Kila wiki huzisuuza chumvi ya bahari kwa maji yasiyo na chumvi. Pampu na mashine ya kufulia huendeshwa mchana, jua likiwa kali. Wenyeji wana sababu ya kuhangaika hivi: kebo ya chini ya bahari ilipoharibika Desemba 2009, Unguja ilikaa takriban miezi mitatu bila umeme kutoka bara.

Mapungufu yapo. AC haishuki chini ya 25; kwetu ilitosha pamoja na feni, lakini mtu aliyezoea 18 atalalamika. Siku ya tatu iligubikwa na mawingu, tukaombwa tuzime AC tangu asubuhi hadi magharibi, na mchana ule mama aliuhama ukumbi akaenda kulala barazani. Ningependa wageni waambiwe hivyo kabla ya kulipa.

Tulilipa shilingi 150,000 kwa usiku, pamoja na chai ya asubuhi. Ukienda, omba chumba cha upande wa baharini. Kile cha nyuma kinapigwa na jua la jioni, na mwarobaini uliopandwa pale bado haujafika dirishani.