Kikinga cheche cha jiko la ukutani: cha maua au cha wavu?

Habari zenu wapendwa, karibuni tena. Niko sebuleni kwetu Njombe, ni Julai, na baridi ya huku mnaijua. Hapo nyuma ni jiko letu la ukutani la kuotea moto, na leo nawachambulia vikinga viwili vya kusimamisha mbele yake.

Hiki cha kwanza nilikinunua dukani. Ngoja nikisogeze kwenye kamera. Kizuri, sikatai, maua ya chuma yamekunjwa kwa ustadi. Lakini tazameni: kidole gumba kinapita chote kati ya jani na jani. Cheche itashindwaje? Kuni za paina zisipokauka vizuri, maji na utomvu vikishapata joto vinaipasua kuni, paa! Kaa linarukia sebuleni. Oneni zulia letu, tundu hili hapa, kubwa kama sarafu ya shilingi mia. Lilitoboka kikinga cha maua kikiwa kimesimama palepale. Kwa hiyo hiki nakiweka moto ukiwa umezimwa, kifiche masizi. Kwa kazi hiyo nakipenda sana.

Cha pili nimechongesha kwa fundi wa kuchomelea. Kina mbawa tatu zenye bawaba, na wavu wake, oneni, njiti ya kiberiti haipiti. Mdomo wa jiko ni sentimita 80, bawa la kati nikataka liwe 90, mbawa za pembeni zikunjwe kuelekea ukutani ili cheche isipate upenyo. Kosa letu lilikuwa rangi. Tulipaka ya kawaida ya mageti, moto ulipokolea nyumba nzima ikanuka, tukafungua madirisha usiku na baridi ile. Tukaikwangua, tukapaka ile ya kustahimili joto inayopakwa ekzosi za pikipiki. Sasa hainuki.

Wenye watoto, hapa nisikilizeni. Wavu unazuia cheche, hauzuii joto. Baada ya saa moja ya moto, chuma hiki kinaunguza. Tena ni chepesi, mtoto akikiegemea kinaanguka naye. Sisi tumekifunga kwa kulabu ukutani pande zote mbili, na bado mdogo wetu wa miaka miwili haachwi humu peke yake moto ukiwaka.

Mkienda kwa fundi, pimeni kwanza mdomo wa jiko lenu, na njiti ya kiberiti muende nayo mfukoni mjaribie wavu palepale.