Uzoefu wangu na seti ya kuinua gari kwa inchi 2: springi nzuri, breki zikanitoa jasho

Seti ya kuinua gari ninayoieleza hapa nimeitumia kwa miezi minane, kwenye pikapu yenye springi za koili mbele na springi za majani nyuma. Kwa upande wa springi na shokomzoba sina malalamiko makubwa: gari limenyanyuka inchi 2 mbele na nyuma kama ilivyoahidiwa, halikwaruzi tumbo tena kwenye mawe, na halilali kwenye kona kwa kiasi nilichokihofia. Hata hivyo, sehemu kubwa ya maelezo yangu itahusu breki, kwa sababu ndizo zilizoninyima raha kwa wiki tano za mwanzo, na kwa sababu karatasi ya maelekezo iliyokuja na seti ilizigusia kwa sentensi moja tu, iliyomtaka fundi ahakikishe kwamba breki ziko sawa kabla ya gari kuendeshwa. Sawa kwa kipimo gani, haikusema.

Ndani ya boksi mlikuwa na springi, shokomzoba nne, yuboliti ndefu zaidi, bushi na nati zake. Hamkuwa na mpira wa breki (bomba laini linalopitisha mafuta ya breki) hata mmoja, wala breketi ya aina yoyote inayohusiana na breki. Wakati huo sikuliona hilo kuwa kasoro, kwa kuwa niliamini kwamba kuinua gari ni kazi ya springi peke yake. Nikaongeza kosa langu mwenyewe: siku hiyo hiyo nilibadilisha matairi, nikatoka kwenye kipenyo cha inchi 31 na kwenda inchi 33, kwa hiyo gari lilipoanza kusumbua sikuweza kujua mara moja ni badiliko lipi lililoleta tatizo lipi.

Tatizo la kwanza lilijitokeza kabla sijatoka kwenye uwanja wa gereji. Pedeli ya breki ilikuwa laini, ikazama karibu nusu ya safari yake, lakini nikiikanyaga mara mbili tatu kwa haraka ilipanda na kuwa ngumu. Pedeli inayopanda kwa kupigwapigwa namna hiyo mara nyingi huwa na upepo ndani ya mfumo, au viatu vya breki za nyuma, yaani vile vipande vinavyosukumwa dhidi ya drumu ili kulisimamisha gurudumu, vimekaa mbali nayo. Ile inayozama polepole huku mguu umeikandamiza bila kuachia ni habari nyingine, kwa sababu hiyo huashiria uvujaji au masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ya breki unapokanyaga pedeli) iliyochoka. Kwangu ulikuwa upepo. Mpira unaotoka kwenye chasisi kwenda kwenye ekseli ya nyuma ulikuwa umekuwa mfupi baada ya gari kuinuliwa, fundi akafungua paipu ili aishushe breketi yake, kisha akatoa upepo kwenye magurudumu manne na kuamini kuwa kazi imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Tulirudia kutoa upepo mara tatu kwa siku tatu tofauti, tukianzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, kwa mafuta mapya ya breki kutoka kwenye chupa iliyofunguliwa siku hiyo, maana mafuta hayo hunyonya unyevu na yaliyokwisha kutoka kwenye mfumo hayarudishwi. Mara ya tatu tu ndipo tulipogundua kwamba kwenye gari langu kuna vali ya breki za nyuma iliyofungwa kwenye chasisi, kwamba ina skrubu yake ya kutolea upepo, na kwamba hakuna aliyeigusa. Vilevile tulikuwa tukifanya kazi hiyo gari likiwa limeinuliwa kwa chasisi na ekseli ikining'inia, hali ambayo huifanya vali ibane njia ya mafuta ya nyuma. Tulipoiacha ekseli ibebe uzito wa gari na kutoa upepo kwenye vali pia, pedeli ikawa ngumu na ikabaki hivyo hadi leo.

Nilidhani nimemaliza. Lakini gari, ingawa pedeli yake sasa ilikuwa imara, halikuwa likisimama kama zamani. Kila nilipokanyaga breki kwa nguvu pua ilikuwa ikiinama sana na mkia ukihisi mwepesi, kana kwamba magurudumu ya mbele ndiyo pekee yaliyokuwa yakifanya kazi. Nilibadilisha pedi za mbele ambazo hazikuwa na ubaya wowote. Nikayalaumu matairi, na nusu ya lawama hiyo ilikuwa ya haki, nitaieleza baadaye. Kilichonifungua macho kilikuwa mzigo: nilipakia mifuko ya saruji nyuma, gari likakaa chini, na nilipofika kwenye mteremko nikaona kwamba linasimama vizuri zaidi likiwa na mzigo kuliko likiwa tupu. Kwa kawaida gari lililopakiwa huhitaji umbali mrefu zaidi ili lisimame. Hapo nikajua kwamba kuna kitu kinachosoma kimo cha mkia, na kwamba kinasoma vibaya.

Kitu hicho ni vali ile ile niliyoitaja. Kazi yake ni kugawa presha ya mafuta kati ya mbele na nyuma kwa kadiri ya mzigo: mwili wake umefungwa kwenye chasisi, na kifimbo au springi ndogo huuunganisha na ekseli. Gari likiwa tupu, chasisi huwa juu mbali na ekseli, na vali hupunguza presha ya nyuma ili magurudumu ya nyuma yasikwame, yaani yasiache kuzunguka gari likiwa bado linakwenda, na mkia usiteleze. Likipakiwa, chasisi hushuka, kifimbo husogea, na vali huruhusu presha zaidi. Ukiweka springi ndefu, umbali kati ya chasisi na ekseli huongezeka kwa inchi 2, nayo vali haina namna ya kujua kwamba ni springi mpya. Kwake yeye gari limekuwa tupu kuliko tupu, basi huzibana breki za nyuma kupita kiasi muda wote.

Tiba yenyewe ni ndogo kiasi cha kuudhi. Tulitengeneza breketi ya chuma inayoinua sehemu ya chini ya kifimbo, pale kinaposhikana na ekseli, kwa kimo kile kile ambacho gari liliinuliwa nyuma. Sikusema inchi 2 kwa kukisia. Tulikuwa tumepima kutoka kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa bodi kabla na baada ya kufunga seti, na tofauti ndiyo tuliyoitumia. Baada ya hapo nilikwenda kwenye gereji yenye vipimo vya presha, wakafunga kimoja mbele na kimoja nyuma, wakalinganisha na takwimu za kitabu cha ufundi cha gari hilo, na wakarekebisha kidogo mkao wa kifimbo. Nimeshauriwa na zaidi ya mtu mmoja niikaze vali kwa waya ibaki wazi daima. Ushauri huo nimeukataa, kwa sababu gari tupu lenye presha kamili nyuma linaweza kukwamisha magurudumu ya nyuma kabla ya yale ya mbele, hasa kwenye barabara yenye maji, na mkia ukishaanza kukupita hakuna springi itakayokusaidia.

Yaliyobaki yalikuwa madogo. Gurudumu la nyuma kulia lilikuwa likichemka. Ukisogeza kiganja karibu na rimu bila kuigusa ulikuwa ukihisi joto kuliko upande wa pili. Kebo ya hendibreki ilikuwa imevutika kutokana na kimo kipya na kuvisukuma viatu vya breki kidogo dhidi ya drumu hata hendibreki ikiwa imeachiwa. Tuliliinua gurudumu kwa jeki, tukalegeza kebo, likazunguka huru kwa mkono. Taa ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasikwame unapofunga breki) nayo ilikuwa ikiwaka nikizungusha usukani hadi mwisho tu, na chanzo kikawa waya wa sensa ya gurudumu la mbele kushoto uliobanwa na klipu mahali pa zamani. Kuuhamisha kulichukua dakika kumi.

Jambo moja ningependa lingefanywa siku ya kwanza. Gari likae juu ya stendi imara chini ya chasisi, magurudumu yaachwe yaning'inie hadi mwisho wa safari ya shokomzoba, kisha usukani uzungushwe kulia na kushoto kabisa huku mtu akiangalia kila mpira wa breki na kila waya. Tulipofanya hivyo kwa kuchelewa, mpira mmoja wa mbele ulikuwa umenyooka kama uzi uliovutwa. Haukuwa umepasuka, lakini niliweka mirefu zaidi pande zote mbili na washa mpya za shaba kwenye boliti zake. Wakati huo huo nilimzuia fundi kuacha kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) ining'inie kwenye mpira wake, tabia niliyoiona gereji nyingi: mpira unaweza kuharibika kwa ndani bila kuonekana kwa nje, mafuta yakapita kwenda na kushindwa kurudi, na gurudumu likabaki limeshikwa.

Kuhusu matairi, hesabu yake haikwepeki. Kipenyo kikiongezeka kutoka inchi 31 hadi 33, nguvu ile ile ya breki kwenye diski hufika barabarani ikiwa imepungua kwa takribani asilimia 6, na spidomita inayoonyesha kilomita 80 kwa saa huwa inaficha mwendo wa kama 85. Hiyo ndiyo sehemu ya tatizo ambayo breketi haikuitibu, nami nimeikubali kwa kuacha nafasi kubwa zaidi mbele yangu.

Naipa seti hii alama 3 kati ya 5. Springi na shokomzoba peke yake zingestahili 5. Nilipomwandikia muuzaji kuhusu vali, alijibu kwa adabu kwamba breketi ya kifimbo ipo na huuzwa kando. Sikuwa nimeiona ikitajwa popote kwenye boksi wala kwenye karatasi, na ile niliyoitengeneza mwenyewe ndiyo ipo kwenye gari hadi sasa.